Bunduki Iliyotiwa Udi

Jumamosi, 31 Mei

Leo mama mkwe, Bi Bakhita, kanikabidhi bunduki ya marehemu mumewe, Mzee Musallam. Ni saktun, ile ndogo ya risasi nyembamba. Mzee kashinda nayo shabaha za Idi miaka na miaka. Kazi yangu kuisafisha tu. Idi pili tutapiga shabaha ukoo mzima, kisha mama mkwe atatoa neno: bunduki ihamie kwangu Bawshar, au kwa Mahfoudh, Qurum, huku huku Muscat.

Mahfoudh ni mwanyumba wangu. Mimi nimemuoa Rawya, yeye kamuoa Maha, mdogo wake. Ana villa, ana shahada, ana mikono isiyotetemeka. Mimi nna ghala la rangi la kulisimamia Rusayl, na dua.

Wakati naondoka mama mkwe kasema kwamba keshazoea kumkosa mzee, ila harufu yake ya udi, hiyo bado. Hapo Mola akanitia fikra. Au si Mola.

Jumapili, 1 Juni

Nimeitia bunduki udi. Dihni, mafuta ya udi yenyewe hasa, kile kichupa cha harusi yangu. Matone matatu ndani ya komeo, kile chuma kinachofungia risasi, pale inapopita pini ya kugonga. Nikaona choyo. Nikaongeza manne. Kisha nikaifukiza kwenye chetezo, komeo wazi, moshi uingie mpaka ndani.

Rawya kapita, kauliza bunduki naipeleka posa wapi. Nikamwambia mafuta ni mafuta. Akaenda akafungua madirisha yote.

Jumatatu, 2 Juni

Nimetoka kazini moja kwa moja uwanja wa shabaha, kujaribu. Risasi kumi. Nne zimelia. Sita: tik.

Msimamizi wa pale, Loai, kijana mpole, kanikataza kufungua komeo upesi. Ningoje nusu dakika, mtutu uelekee shabaha, huenda risasi imechelewa tu kuwaka. Nikangoja. Nikaleta istighfari. Hazikuwaka.

Nikamwambia risasi za siku hizi hazina uaminifu. Akaniomba zile sita, akazikagua, akaniwekea kiganjani nione vitako. Kumbe risasi hizi kiwashio chake kimo kwenye ukingo wa kitako, na pini lazima iugonge ukingo kwa nguvu. Alama za kwangu zilikuwa kama mtu kabonyeza kwa ukucha. Akazitia kwenye bunduki yake, akizigeuza kidogo zigongwe upande mwingine. Zote sita zimelia. Watu wakageuka kutazama.

Akasema, "Ammi Suud, risasi hazina kosa. Pini yako inakwenda inajivuta, kuna kitu kinaishika. Umetia nini humu?"

Nikasema mafuta. Si uongo. Lakini njia nzima ya kurudi sikuwasha redio.

Jumatano, 4 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, jino. Jino zima kabisa. Mola ananisikia nikiandika.

Nimenunua risasi za aina nyingine, ghali. Bunduki nimeitoa garini, kwenye kiyoyozi: tik, tik, tik. Loai akaendelea kuokota maganda. Ikaadhiniwa Adhuhuri. Nikamwachia bunduki mezani nje, nikenda kusali. Kurudi, chuma kinaunguza mkono. Nikapiga tano. Tano zimelia.

Nikairudisha garini kwenye baridi. Tik. Nikaitoa juani. Ikalia.

Udi ukipoa unaganda, ukipata joto unalainika. Mtu mwenye akili angefungua komeo akalisafisha, kazi ya robo saa. Mimi nikaona njia.

Mahfoudh atangulie, bunduki ikitoka kwenye baridi. Aitie aibu digrii yake. Kisha nitaiweka juani kidogo, nitasema ipumue. Kisha zamu yangu.

Alhamisi, 5 Juni

Arafa. Nimefunga. Funga hii inafuta madhambi ya mwaka uliopita na mwaka ujao. Nikakaa nikafikiri. La Jumamosi nalo litaingia humo humo.

Baada ya Alasiri Mahfoudh kanipigia simu. Kaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nnataka msaada wa kuisafisha bunduki. Nikamwambia inang'aa. Akasema, "Mashallah, nnajua iko mikono salama."

Nimefuturu bila hamu.

Jumamosi, 7 Juni

Siandiki haya ila kwa sababu sina wa kumwambia.

Tumekwenda wote uwanjani asubuhi. Nimeibeba bunduki garini kwangu, kiyoyozi mwisho, imeviringishwa taulo pamoja na barafu tunayopozea laban, mtindi wa watoto. Watoto wamekaa nyuma wanatetemeka. Tumefika, nikatangaza kwamba Mahfoudh atangulie, kwa heshima. Nikajiona mkarimu.

Mama mkwe akasimama. Kasema atatangulia yeye. Mzee kamfundisha mwenyewe, na risasi ya kwanza baada yake ni haki ya mjane wake.

Ningesema nini? Mama, subiri ipate moto?

Akaishika kama mtu anayeijua. Akapumua. Tik. Akangoja nusu dakika, mtutu mbele, kama afanyavyo mtu aliyefundishwa. Akatia nyingine. Tik. Ya tatu. Tik.

Akaishusha polepole. Kasema kwa sauti ndogo, si kwa yeyote, "Musallam hataki."

Maha akaanza kulia. Mimi nikatazama milima. Milima ya Bawshar sijapata kuitazama hivyo. Sentensi moja tu ingetosha, *ni mimi, Mama*, na ulimi wangu umeganda kama hiyo pini.

Mahfoudh akaomba ruhusa, akaketi juu ya mkeka, akahakikisha haina risasi, akatoa komeo. Akalinusa. Akanitazama. Inanukia udi Muscat nzima, lakini ule wangu anaujua. Tumekaa safu moja msikitini Ijumaa ngapi. Akaomba petroli kidogo, kitambaa na mswaki mkuukuu. Kitambaa kimetoka cheusi na kinanukia bibi harusi.

Mama mkwe akauliza kulikuwa na nini.

Akasema, "Vumbi tu, Mama."

Mama akapiga tano, tano zimelia, mbili katikati. Mahfoudh kapiga vizuri. Zamu yangu bunduki imefanya kazi kila mara. Sikuipata shabaha hata moja.

Jumapili, 8 Juni

Bunduki imekwenda Qurum. Watashughulikia karatasi za polisi baada ya Idi.

Baada ya chakula mama mkwe kaniita chumbani kwake. Kanyoosha viganja, kaniambia nivinuse. Udi, mpaka leo. Nikainamisha kichwa. Nikamwambia ni mimi. Nikaeleza yote, hata lile la taulo na barafu. Mwisho nilikuwa nalia, mtu mzima na mvi zake.

Kanipa kitambaa nijifute. Kisha kasema, "Suud mwanangu, harufu nimeipenda. Ila bunduki si bwana harusi."

Akanipa saa ya ukutani ya mzee, ya kutia ufunguo, iliyokuwa ikimwamsha kwa sala. Kasema hii haina haja ya kufanyiwa kitu. Niitundike tu.

Nimeapa mbele ya Mola: nikiharibu nitasema saa ile ile.

Jumanne, 24 Juni

Saa inachelewa dakika kumi na moja. Nimemwambia Rawya ni ukuta, haukunyooka. Kauliza mbona sebule inanukia. Nikamwambia ni tone moja tu la udi, kwenye magurudumu ya ndani ya saa, Mama ataifurahia harufu. Kafungua madirisha.

Mama mkwe anakuja Ijumaa kuiona. Nimechunguza vizuri: kiyoyozi kikizimwa, saa inakwenda sawasawa. Nitakizima tangu asubuhi. Akiuliza joto la nini, nitasema umeme umekatika.