Tarihi ya Mmea Ulao Nzi Katika Ua Usio na Nzi

Enyi mlioketi, na enyi mnaopita na ndoo vichwani, tueni! Acheni sufuria zichemke zenyewe, mtoto anayelia mwacheni alie kidogo anyooshe mapafu, mje msikie habari za vita vilivyopiganwa uani, kati ya kamba ya nguo na pipa la maji, vita ambavyo kwavyo ardhi ilitetemeka, ingawa ni pale tu shujaa alipojikwaa.

Palikuwa na jabali la mtaa, tumbo mbele, funguo kiunoni. Mtunza stoo mstaafu, aliyeitwa Bwana Funguo kwa kuwa yeye alistaafu, funguo hazikustaafu. Makufuli yote ya stoo yalikwisha badilishwa siku ile ile aliyoaga, lakini nani angekuwa na roho ya kumwambia? Akawa anatembea analia kama njuga, akikagua dunia.

Siku moja, simba huyu wa rafu za stoo akamletea mkewe mmea. Si mchicha, enyi watu, wala si bamia. Asili yake ni nchi za kinamasi, ambako mvua haiombwi. Mahali pa maua una vinywa, na kila kinywa kina meno membamba kama kope za bibi harusi. Nzi akitua ndani, kinywa hufumba, naye habari yake imekwisha. Mmea wa namna hiyo ndio alioupenda, akauleta katika nchi ambayo jua huchomoza limeshakasirika, na mijusi hutembea kwa ncha za vidole.

Akauweka wapi? Uani palikuwa na kivuli kimoja tu, cha upana wa mkeka, chini ya ukuta. Katika kivuli hicho kilikaa kiti cha mkewe. Kiti kikahamishwa.

"Baba watoto," mkewe akasema, ameshika ungo wa mchele, jua limemkalia utosini, "umenitoa kivulini kwa ajili ya jani?"

Shujaa akapanua kifua, akanena: "Ewe mwandani wangu, hilo si jani! Huyo ni askari. Ni mlinzi wa chakula chetu, mfalme aliyetoka mbali kuja kukukomboa na utumwa wa kupunga mkono juu ya sahani. Vizazi vitakuja kumtazama!"

Dada yake mkewe, aliyekuja kusalimia na ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, akachungulia chungu. "Shemeji, huyo mfalme ameshakula wangapi?"

"Bado. Anajiandaa."

"Anajiandaa! Kama wewe na ile rangi ya nyumba."

Mkewe hakucheka. "Basi tusikilizane. Dada akirudi Jumapili ya mwisho wa mwezi, mfalme wako ale nzi mbele ya macho yetu. Akila, kivuli ni chake na mimi sifungui mdomo tena. Asipokula, kiti changu kinarudi na yeye anakwenda jalalani."

"Nakubali!" akanguruma shujaa, na moyoni akanywea. Kwa maana tangu astaafu hapakuwa na mtu aliyemwomba kitu, yeye akampa au akamnyima. Chungu kile ndicho kilikuwa stoo yake ya mwisho.

Adui wa kwanza akawa maji. Maji ya mtaa ule ni ya kisima, yana chumvi inayoacha utando mweupe kwenye birika, na mfalme alipoyanywa, majani yakaanza kuwa meusi pembeni. Unataka maji ya mvua, alisema muuza miche aliyemuuzia mmea. Mvua! Kuna watu mtaani pale walio na mwavuli na hawajui unafunguka upande gani. Ndipo shujaa alipozunguka mji kama mfalme anayetafuta chemchemi, hata akaiona: nyuma ya duka la dawa, kiyoyozi kinadondosha maji safi, tone baada ya tone, bila kumwomba mtu ruhusa.

"Shikamoo mzee," akasema binti wa duka la dawa. "Umekuja kwa ajili ya presha?"

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya matone."

"Ya macho au ya masikio?"

"Ya kiyoyozi! Ewe binti, usinifungie mto huu, maana uhai wa dola—"

"Chukua tu, mzee. Si yanamwagika?"

Hotuba ikamfia mdomoni. Hata hivyo aliimalizia, akiwa amechuchumaa, dumu mkononi, na paka akimsikiliza.

Majani yakarudia ukijani, vinywa vikafunguka vyekundu. Naye, kwa furaha ya mshindi, kila jirani aliyepita alimvuta uani, akachukua kijiti cha kiberiti, akakichokonoa kinywa kimoja kifumbe. "Umeona? Umeona nguvu hizo?" Wakaona wote, hadi muuza mkaa. Na vinywa, vilivyofumba bure mara nyingi, vikachoka, vikanyauka kimoja kimoja, kikabaki kimoja tu kinachofaa.

Hapo ndipo shujaa alipokaa kumngoja nzi. Akangoja. Na akili, ambayo kwake huja kwa miguu, ikawasili: nyumbani kwake hapakuwa na nzi! Mkewe alikuwa mfagizi mkuu wa wodi miaka yote ya kazi yake. Sakafuni pake ungemlaza kichanga, na nzi wa mtaa walipofika getini pake waligeuka wenyewe, kwa aibu. Bwana Funguo alikuwa ameajiri askari mahali pasipo na mwizi.

Basi akafanya uhaini. Asubuhi ya Jumapili ile, mkewe akiwa anaoga, akatwaa papai lililooza, akalipasua, akalificha nyuma ya chungu.

Loo! Walikuja. Walikuja kama jeshi lililoahidiwa mshahara. Shemeji alipofika na kukalishwa, walitua juu ya shemeji. Walitua kwenye chai, kwenye kamba ya nguo, kwenye upara wa shujaa, wakafanya mkutano hapo. Pote walitua, isipokuwa kinywani.

"Nini kinanuka?" mkewe akauliza, pua juu. Akafuata harufu, akaliona papai. Akainama, akakishika chungu kwa mikono miwili.

"Mama watoto, dakika moja! Historia haisukumwi!"

"Jalalani."

Na akiwa amekinyanyua chungu, nzi mmoja, mnene, wa buluu, akatua ukingoni mwa kinywa. Mke akasita. Nzi akaingia, akaugusa unywele mmoja wa ndani. Kinywa kikatulia, maana mmea huo hautishwi na mguso mmoja. Nzi akasimama akanawa mikono kama mgeni anayekaribishwa chakula. Shujaa hakupumua. Nzi akapiga hatua, akaugusa wa pili.

Fyap!

"Ameliwa!" shujaa akapaza sauti, mikono mbinguni. "Shuhudieni! Mvamizi ameanguka! Leo jua limeona, ukuta umeona, shemeji ameona!"

"Nimeona," shemeji akasema, huku akipunga kitambaa pande zote. "Na hawa wengine, shemeji?"

"Anamsaga kwanza huyu. Atafungua tena baada ya wiki hivi."

Mkewe akakirudisha chungu kivulini, taratibu, kwa sababu neno lake ni neno. Kisha akavua kandambili. Nani ataisimulia kazi ile? Alipiga ukutani, mezani, hewani. Upara wa shujaa nao haukusazwa. Hakuhutubia hata mara moja. Alipomaliza, ua ulikuwa kimya, naye akamtupia mumewe brashi na ndoo ya sabuni.

"Kivuli ni cha mfalme. Papai ni lako."

Hivyo akapiga magoti mshindi, akasugua sakafu jua likimchoma mgongo, na kila aliyepita getini akaitwa aje asikie namna nzi alivyoanguka. Ndivyo tarihi inavyolitaja jina lake hadi leo, kwamba katika zama zake aliuawa nzi mmoja, kwa heshima zote. Wale wengine hawamo. Walikufa kwa kandambili tu.