Ruqiya Binti Billow na Gari Lisilojibu Salamu

Sogeeni, enyi watu wa Bula Iftin hapa Garissa, nanyi wa Masalani mnaongoja mashua, acheni chai ipoe mpate kusikia habari za Ruqiya binti Billow, simba jike wa soko la maziwa, aliyekula kiapo mbele ya mashahidi kumi na wawili kwamba hatapanda gari la umeme lisilo na dereva maadamu roho i mwilini.

Lakini asubuhi hiyo punda wa mkokoteni aliamka mgonjwa, na basi la Nairobi lilikuwa la saa nne kamili. Mkononi Ruqiya alibeba mtungi wa maziwa ya ngamia wa kupelekewa bintiye Leyla, aliyejifungua juzi huko Eastleigh na kukataa kinywaji kingine chochote. Maziwa yakilala, yamechacha. Basi shujaa akameza kiapo chake, akasimama kituoni moyo ukimwuma, na gari la kwenda stendi ya mabasi likaja kimya likamfungulia mlango.

"Assalamu alaykum," akatamka, akikikabili kiti cha mbele kilicho kitupu.

Kimya. Akarudia kwa sauti ya kuvunja majeshi. Kimya. Mara ya tatu, abiria wanne wakazidi kutazama simu zao.

Hapo binti Billow akausimika mguu wake mlangoni. Mlango ukashambulia, ukarudi nyuma. Ukashambulia tena, ukarudi. Vita vikadumu dakika saba.

"Tafadhali ondoa kizuizi," gari likasema.

"Kumbe mdomo iko!" akanguruma Ruqiya. "Kusema 'ondoa' unajua, kujibu salamu hujui? Wallahi, mimi sibandi gari ya mtu hajibu salamu!"

"Mama, basi litatuacha!" akalia Muema, mwalimu wa kutoka Kitui. "Hiyo ni mashine, haina dini!"

Ndipo Filsan, muuguzi aliyeketi nyuma, akaweka simu chini. "Eeddo, shangazi yangu, akijibu mmoja wa waliomo, imetosha kwa wote. Waalaykum salaam."

"Na mara tatu zote wewe ulikuwa wapi?"

Filsan akainama kwa haya. "Nilidhani unasalimia gari."

"Mimi nasalimia watu," akasema Ruqiya. "Gari nimeikuta tu."

Akauondoa mguu, akaingia, akaupakata mtungi. Abiria wakaitikia mmoja mmoja, hata Muema, na waliposikia maziwa ni ya bintiye aliyejifungua, wakamuuliza hali ya mtoto.

Saa nne kasoro dakika moja mtungi ulipanda basi, na jioni Leyla akanywa maziwa yangali mabichi. Na iandikwe katika tarikhi za Garissa kwamba tangu siku hiyo kila aingiaye gari lile hujibiwa salamu na abiria wenzake kabla hajaketi, wala dereva hakuhitajika.