Mara Saba Nikitoka Bandani

Jumatatu, 12 Juni 1972
Sijamwambia mtu yeyote: ninalea nguruwe wa shule. Nyumbani Isevya wanajua niko kwenye bustani ya mchicha ya shule. Lakini atakayekuza watoto wa nguruwe wanono kuliko wote atapelekwa Sabasaba, Dar es Salaam, kwa treni. Mchicha haupandi treni! Nikitoka bandani naosha miguu mara saba, mara moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni kwenye Kurani. Bibi Mwanamkuu ameniona nikiosha. Kasema dini imemwingia mjukuu wake.

Jumatano, 14 Juni
Balaa. Watoto wangu wanane wanaharisha, maji matupu. Nimepiga akili: kinachotoka ni maji, basi nisiwape maji.

Alhamisi, 15 Juni
Wamebaki sita.
Wa Hilari, banda la pili, wanarukaruka. Kaniuliza mbele ya darasa zima kama nafuga nguruwe au nafuga choo. Nikatazama vidole vya miguu. Jioni nikatoka bandani kwangu pekupeku, moja kwa moja hadi bandani kwake, kupeleleza anawalisha nini. Pumba. Kama mimi! Nikatoka, nikaosha mara saba.

Jumamosi, 17 Juni
Wa Hilari wanaharisha! Nimesikitika, kiasi.
Kaja Bwana Anselm, bwana mifugo. Kasema kijidudu chenyewe hakili utumbo. Kinaung'ang'ania tu, kinatema sumu, na utumbo unamwaga nje maji yote ya mwili. Mtoto anakufa kwa kukauka. Mpumbavu gani aliwanyima maji? Nikatazama vidole tena. Wapewe maji ya chumvi na sukari. Akauliza nani hutoka banda hili akaingia lile, maana mavi husafiri kwa miguu ya watu. Hilari akaapa haki ya Mungu si yeye. Nikajikaza nikasema mimi huosha mara saba. Akauliza: ukiingia au ukitoka?
Kuosha nikiingia sikuwahi kufikiria.

Jumatatu, 19 Juni
Nimeiba sukari ya Bibi, ile ya wageni. Wangu sita wamesimama, wanakula! Wa Hilari wamekonda, hawana safari. Amebaki Alois wa banda la tatu. Wake hawajaharisha hata mmoja. Ana siri gani? Leo nimetoka bandani kwangu, nikapitia kwake kidogo. Kutazama tu. Nilipotoka nikaosha mara nane, kwa usalama.
Mtalawanda wa Bibi huo, kiatu chake cha mti, ko ko ko. Anauliza kwa sauti ni dini gani inayomaliza sukari. Kaufikia mlango. Karatasi, ingia chini ya mkeka