Nilivyoizima Motopompe ili Tuombe

Mungu wa mbinguni asifiwe, aliyenipa uzee na bado ananiamsha na nguvu ya kushika koleo. Sasa, baada ya kumpa sifa zake, niseme yangu: leo nimeumbuka.

Ndugu zangu wa kundi hili, mnajua kanisa letu hapa Mususa linajenga nyumba ya kuwapokea akina mama wanaotoka vijijini kuja kujifungua mjini. Kiwanja tulichopewa kiko bondeni. Ukichimba hadi gotini, ardhi inatoa jasho. Ukichimba hadi kiunoni, umepata kisima usichokitaka. Msimamizi wa kazi ni mimi. Nilijenga miaka mingi huko Beni kabla magoti hayajaniambia inatosha. (Kumbukeni hilo mtakapokiona kiburi changu.)

Leo ilikuwa siku ya kumwaga zege la msingi. Mchanga na kokoto akina mama wa kanisa walivipandisha wenyewe kutoka mtoni, mzigo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Saruji ilikuwa ya mwisho. Zege likiharibika, hakuna jingine.

Asubuhi tukaazima motopompe, ile mashine ya kunyonya maji. Kwenye kona ya shimo nilichimbisha kishimo kirefu zaidi, nikakipanga mawe, ili maji yote yakusanyike pale na mashine inyonye maji, siyo tope. Bomba tukalipeleka mbali, kwenye mtaro. Maji yakashuka. Sakafu ya shimo ikaonekana. Nikaimba!

Nikawaambia wote: "Mashine hii isizimwe hata kidogo! Maji ya chini hayachoki. Ukisinzia, yanarudi." Nikarudia. Nikarudia tena.

Mama Kavugho, kiongozi wa akina mama, akasema: "Muzee, tumesikia. Hata kuku ya jirani imesikia."

Basi zege likachanganywa pembeni ya shimo. Bado maombi. Mchungaji alikuwa amekwenda Luofu kwenye matanga, kwa hiyo kuomba kukawa kazi yangu. Nikashuka shimoni na viatu vyangu vya Jumapili. Nikavua kofia kwa heshima, nikaiweka juu ya jiwe. Nikaanza: "Baba yetu uliye juu..." Mashine ikanguruma. Sikujisikia hata mimi mwenyewe.

"Kambale," nikamwita fundi, "zima mashine."

"Muzee, tuizime kweli?"

"Je, tumwombe Mungu katikati ya makelele?"

Kambale akamtazama Mama Kavugho. Mama Kavugho akatazama mawingu. Mashine ikazimwa.

Ee, utulivu ule! Nikafumba macho. Nikamshukuru Mungu aliyetenga maji na nchi kavu. (Ndiyo. Hayo ndiyo niliyochagua.) Nikavuka Bahari ya Shamu pamoja na wana wa Israeli. Nikawaombea wagonjwa, wajane, wanaolala mbali na mashamba yao kwa kuogopa vita, na wote wanaosafiri kwenda Beni. Hapo sikuharakisha. Kwenye barabara ile watu huviziwa na kuuawa, na kila mmoja wetu ana mtu wake anayemlilia.

Kisha nikasikia ubaridi miguuni. Nikafikiri ni amani ya Bwana inanishukia. (Amani ya Bwana haianzii kwenye soksi. Hilo halikunijia.) Moyo ukajaa, nikaongeza maombi. Watu wakaanza kukohoa. Mtu akasema "Amina!" kwa nguvu. Wengine wakafuata: "Amina! Amina, muzee! Amina!" Sijawahi kuitikiwa hivyo maishani. Nikaona Roho anatenda kazi, nikaanza kuwaombea na wamisionari.

Nilipofumbua macho, maji yalikuwa yamefika katikati ya miundi yangu. Kofia ilikuwa inaelea, inakwenda zake konani. Nikataka kutoka; tope likanikatalia. "Yesu wangu!" Wakanivuta kwa mikanda yao ya kubebea mizigo, akina mama wawili, kama gunia la viazi kutoka Masereka. Mguu mmoja ukatoka na soksi peke yake.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ni nani atakata maombi ya muzee?" akasema Mama Kavugho. "Tulikupa Amina nyingi, ukakataa kuzikamata."

Walicheka mpaka Kambale alipovuta kamba ya mashine, nayo ikakohoa tu. Akavuta tena. Kimya. Zege lilikuwa linaanza kushikana. Hapo hakuna aliyecheka. Niliona alama za mikanda kwenye mapaji ya wale akina mama, nikatamani ardhi inimeze. (Ilikuwa imeshajaribu.) Tukachukua mabeseni, tukachota maji wote, mimi na kiatu kimoja. Mwishowe mashine ikawaka. Maji yakashuka. Tukamwaga zege kwa mbio, nalo likakaa vizuri, Bwana ashukuriwe.

"Sasa omba, muzee," Mama Kavugho akapiga kelele, "lakini mashine ibakie inalia!"

Nikasema, "Asante, Bwana." Hakuna aliyenisikia. Aliyeombwa alisikia.

Nimekaa nyumbani nikiwaza. Heshima ya watu ni zawadi kubwa, lakini mzee asipowafundisha watu wake kumkatiza, atazama akiitikiwa vizuri. Kwa hiyo mkiniona nimefumba macho na hatari inakuja, msinikoholee. Nivuteni shati.

Nawe unayesoma, Mungu akukaushie mahali unapojenga, akunyeshee mahali unapopanda.