Nirudishieni Deni Langu la Nyumba

Mtinko, Singida
Jumapili, baada ya misa

Kwa Ndugu Manase, Mwenyekiti wa Chama chetu cha Akiba na Mikopo

Ndugu Mwenyekiti,

Mke wangu Cecilia amekufa. Alikufa Jumanne ya wiki iliyopita, tukamzika Alhamisi. Hilo siyo lalamiko, hiyo ni taarifa. Na wewe unayo, ulikuwepo, ulikula.

Shikamoo. Nasikia tumezaliwa mwaka mmoja, lakini wewe una ofisi, kwa hiyo ipokee.

Mimi ni Leonidas Mghenyi, mwanachama wenu, mpasua mawe. Nimeishia darasa la nne. Barua naandika mwenyewe, nikikosea msimtafute mwingine.

Naomba chama kinirudishie deni langu la nyumba. Sijakosea kuandika. Siombi mkopo mpya, nataka lile lile. Sababu zangu ni hizi.

1. Deni lilikuwa langu. Fomu ina jina langu, picha yangu na dole gumba langu. Tulikubaliana miaka minane. Nyumba ikawa dhamana, hati ya kiwanja mkaifungia kwenye kabati lenu. Nikajipanga kudaiwa miaka minane. Mmelimaliza kwa mitano. Nani aliniuliza?

Cecilia alikuwa anakuja kila siku ya gulio na hela ya kuku. Belinda wa kaunta anapokea, anagonga muhuri, anampa na soda. Mimi mwaka mmoja nilichelewa siku mbili tu, barabara ilijaa maji, lori la kokoto halikuja, hatukulipwa. Mkaniletea barua ya onyo mpaka machimboni, ikasomwa mbele ya vibarua wenzangu. Anayechelewa anaandikiwa barua. Anayewahi anapewa soda. Mlitakiwa mtuandikie wote.

Sisi kwenye mawe tuna utaratibu. Unawasha moto chini ya jiwe, unakaa, unasubiri. Ukipiga kabla moto haujaingia, nyundo inakurudia usoni. Tunaheshimu muda hata wa jiwe. Nyie mna kalenda ukutani na hamkuiangalia.

2. Mmetulaza vibaya miaka mitano. Nyumba ina vyumba viwili na sebule. Tulikuwa watu tisa. Chumba kimoja walilala kuku. Sisemi banda, nasema chumba. Kina saruji chini na nondo dirishani. Cecilia alisema kuku wakilala nje wataibiwa, na kuku ndio wanaolipa nyumba. Kwa hiyo wao ndio wenyeji, sisi tumefikia.

Chumba cha pili nililala mimi na yeye na vijana wetu wawili wadogo. Sebuleni alilala Deo, mkubwa wetu, na mke wake Leah, nyuma ya kitenge kilichofungwa kwenye misumari miwili. Nyuma ya kitenge hicho wamepata watoto watatu. Sijui nafasi waliipata wapi. Mimi nikikohoa tu nyumba nzima inanipa pole.

Nilimwambia, Mama Deo, tulipe polepole kama karatasi inavyosema, inayobaki tujenge chumba cha tatu. Watoto hawasubiri riba iishe ndio wakue. Nikapigilia vigingi vinne upande wa mashariki, nikafunga kamba. Akaanikia nguo.

Akaniambia, "Baba Deo, ukijenga chumba kwenye nyumba ya watu umewajengea watu."

Nikasema watu gani, hiki ni chama chetu wenyewe.

Akasema, "Hati ikiwa kwenye kabati la Manase, hata hapo uliposimama umesimama kwa Manase."

Nikasogea. Samahani kukutaja. Humu ndani ulikuwa unatajwa kila siku, kuliko watakatifu wengi.

3. Deni lilikuwa linanilinda. Hili nyie wenye ofisi hamlijui. Shemeji yangu Filipo, kaka yake marehemu, amekuja kunikopa kila mwaka tangu nimuoe dada yake. Tangu nichukue mkopo wenu namjibu neno moja, nadaiwa. Anatikisa kichwa, anakunywa maji, anaondoka. Michango ya harusi, nadaiwa. Kamati ya kipaimara, nadaiwa. Mtu mwenye deni la nyumba anaheshimiwa kama mgonjwa. Anaonewa huruma na hakuna anayegusa mlango wake.

Halafu wewe siku ya mazishi ukasimama na kipaza sauti. Ukasema marehemu ametuachia mfano, ukasema, "Nyumba hii mnayoiona haina deni hata la shilingi moja." Nimezika watu wengi, sijawahi kusikia vigelegele msibani. Siku hiyo nimesikia.

Jioni ile ile Filipo hakuondoka. Anasema amebaki kunifariji. Leo ni siku ya kumi ananifariji. Waombolezaji walikula kuku wote isipokuwa jogoo, kwa hiyo chumba cha kuku kimebaki wazi, Filipo amekiingia. Analala na jogoo. Asubuhi ananiuliza kama nimelala, mimi ndiye nina haki ya kumuuliza hivyo.

Binti yangu Catherine ameolewa Itigi. Alikuja na begi moja na mapacha. Alipokusikia akafungua begi. Anasema kwa mume wake wanapanga, hapa ni kwetu na hatudaiwi, kwa nini ateseke. Mume amepiga simu, ameambiwa aje na yeye. Leah naye anasema kama ni hivyo mama yake yuko peke yake Ilongero, miguu inamsumbua. Deo ameniangalia. Mimi nimeangalia ukuta.

Tulikuwa tisa. Mmoja amekufa. Sasa tuko kumi na mbili. Hesabu ya namna hiyo hamkutufundisha kwenye semina.

4. Mmepokea hela siku ya msiba. Cecilia alipokufa deni lilikuwa limebaki kidogo, mkia tu. Ya mwisho mkaipokea Jumatano, mwenye kuku akiwa mochwari. Mtu mwenye utu angesema rudini nayo, zikeni kwanza. Belinda akahesabu, akagonga muhuri, akatoa na hati kwenye kabati siku hiyo hiyo. Ofisi yenu ninavyoijua, kutoa karatasi ni wiki mbili na nauli tatu. Siku hiyo ilikuwa robo saa. Mliharakia nini?

5. Mmenizibia chumba. Hili ndilo kubwa.

Kanuni yenu inasema kiwanja kilicho dhamana hakichimbwi kaburi bila ruhusa ya bodi. Bodi inakaa kila miezi mitatu. Maiti haikai. Kama deni lingekuwepo Alhamisi ile, Cecilia tungempeleka makaburi ya kanisani, kule kuna nafasi mpaka mwisho wa dunia. Lakini deni halikuwepo. Kwa hiyo tumemzika nyumbani kama watu wa kwetu wanavyozikana. Na nyumbani ni wapi? Nyuma kuna jiwe ambalo hata mimi siliwezi. Mbele ni barabara. Magharibi ni choo. Imebaki mashariki, pale kwenye vigingi vyangu.

Amelala kwenye chumba cha tatu. Peke yake. Sisi tuko kumi na mbili huku.

Angalia basi inavyokwenda. Mngekataa hela, deni lingekuwepo. Deni lingekuwepo, kaburi lingekuwa kanisani. Kaburi lingekuwa kanisani, chumba kingejengwa. Chumba kingejengwa, Deo angetoka sebuleni. Hata Filipo angekuwa kwake, sababu nadaiwa. Nawadai chumba kimoja, na shemeji mmoja mnitolee.

Kwa hiyo naomba haya.

Mnirudishie miaka mitatu ya deni iliyoliwa. Hela alizowahisha marehemu mnipe mkononi, nijenge vyumba viwili. Hati mje kuichukua, iko kwenye sanduku langu la nguo, kabati lenu lina kufuli zuri zaidi. Riba mliyoifuta muiandike tena. Kama kuna faini ya mtu aliyewahi, nitailipa, ila kwa kuchelewa.

Kwenye mkutano mkuu jina langu lisomwe na wadaiwa. Nitakaa benchi lao, nitainamisha kichwa, msiwe na wasiwasi. Na kwa kuwa ulitangaza kwa kipaza sauti, utangaze tena kwa kipaza sauti, kanisani baada ya misa, kwamba Leonidas anadaiwa, tena sana. Filipo anakaa benchi la tatu kutoka mbele. Angalia upande wake ukitangaza.

Mkikataa nitapeleka kwa Mtendaji wa Kata. Mtendaji akikataa nitakwenda wilayani. Sijui nauli nitaitoa wapi, labda mnikopeshe, hapo pia tutakuwa tumeelewana.

Sina ugomvi na nyie. Mlinikopesha wakati benki zilikuwa zinaniuliza mshahara wangu unapita wapi. Nikawaambia unapita mkononi, wakacheka. Nyie hamkucheka.

Msalimie mama wa nyumbani kwako. Msalimie Belinda, mwambie soda alizotoa tunazikumbuka. Msalimie mlinzi wa geti, alibeba jeneza, nilimuona. Bodi yote wasalimie wakikaa, kama watakaa. Huku Leah, Catherine na watoto wote wanawasalimu. Filipo pia, anauliza fomu za mkopo zinatolewa siku gani.

Ni mimi niliyemaliza kulipa bila kupenda,
Leonidas Mghenyi
Mwanachama

Nyongeza. Nilimpa Leah aisome kabla sijafunga bahasha, yeye amefika kidato cha nne. Amesoma yote, hakucheka. Ameuliza kitu kimoja tu.

"Baba, ile hela ya Jumatano nani aliipeleka?"

Niliipeleka mimi.

Ilikuwa ya rambirambi. Daftari lilikuwa kwa Deo, nikamwambia toa, usiandike. Nikapanda bodaboda, nikamwaga mezani kwa Belinda, noti na sarafu zote, nikamwambia haraka, wachimbaji wa kaburi wanasubiri kuonyeshwa mahali. Nikamwambia risiti aandike Cecilia, amalize yeye alichokianza. Akaandika. Alilia, na mihuri akagonga miwili. Kwa hiyo ulipomsifu kwenye kipaza sauti hukukosea, uliambiwa hivyo. Niliporudi, vigingi niling'oa mwenyewe.

Sasa nimekaa nimefikiri. Deni likirudi, kiwanja kinarudi kwenu. Na yeye yuko humo. Atakuwa amelala kwa Manase. Hapana.

Msirudishe kitu. Bodi msiwasomee. Chumba tutakijenga kilipo choo, choo kitasogea, hakina hati. Mawe ya msingi nitapasua mwenyewe, Filipo atabeba, ndio atanifariji vizuri. Catherine nimemwambia akae.

Kesho narudi kazini.