Maji Yaliyopanda Kilima

Saa tatu na robo asubuhi, watu watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi mbele ya duka la Fundi Cherehani, na hakuna hata mmoja aliyeleta nguo. Fundi alishazoea. Benchi lilikuwa na wateja wake, duka lilikuwa na wake, na wa benchi ndio waliokuwa waaminifu zaidi.

Spika, mwalimu mstaafu asiyeweza kusoma kimyakimya, aliinua simu.

"Sikilizeni! Ofisi ya Maafa imefuta tathmini ya mafuriko ya kata yetu. Alama za maji tulizochora ukutani haziaminiki. Kata nzima imewekwa kundi la kijani. Hatari ndogo!"

Ndani ya duka, cherehani ya Fundi ikanyamaza. Mama yake Fundi alikaa bondeni. Kundi jekundu lingempa chumba mlimani kabla ya mvua. Kijani kingemwacha palepale.

"Nani kachora alama isiyoaminika?" akauliza Wembe, kinyozi, akikagua kucha zake.

"Wewe!" Mama Nyanya alimgeukia. "Umechora mita mbili na tisini, na nyumba yako ina mita mbili na nusu. Hayo maji yalikuja na ngazi?"

"Yalikuwa na mawimbi, dada."

"Mawimbi ya kwenye kijito?"

"Na wewe uliyechora juu ya dirisha? Siku ile si ulikuwa unauza nyanya kibarazani?"

"Niliambiwa anayezama zaidi ndiye anayejengewa. Sasa mimi nizame kidogo, nina wazimu?"

Spika aliendelea kusoma. "'Kwa alama hizo, maji yangefunika paa la ofisi ya kata, iliyoko kilimani.' Hongereni, jamani. Mmemzamisha diwani akiwa kwenye kiti chake."

"Afisa wa Maafa anapita saa ngapi?" Fundi aliuliza.

"Saa nne. Anapokea malalamiko leo tu."

Fundi alitoka na daftari lake la vipimo. Miaka kumi na miwili alikuwa amewashonea watu wa kata ile, na kila goti, kiuno, shingo na hata kidevu vilikuwa humo, kwa sentimita kutoka chini.

"Semeni maji yaliwafika wapi mwilini. Mita niachieni mimi."

"Shingoni," Wembe akasema haraka.

"Shingo yako ni mita moja na hamsini na moja. Suruali uliyovaa siku ile uliniletea nikate sehemu iliyoharibiwa na tope. Nilikuachia kaptula. Tope liliishia wapi?"

Wembe alitazama barabara.

"Kaka," Fundi akasema, "mama yangu yalimfika kidevuni, akaokolewa na meza. Wewe ukizama kwa uongo, yeye anazama kweli."

"…Gotini."

"Arobaini na nane."

Mama Nyanya alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaona kalamu inamwelekea. "Kifundo cha mguu. Andika upesi kabla sijabadili mawazo."

"Mwalimu?"

"Mimi nilikuwa kwa shemeji. Yalinifikia kwenye televisheni."

Saa nne na dakika kumi afisa alishuka kwenye pikipiki, akasoma ukurasa ule mara mbili.

"Huu ni ushahidi wa suruali."

"Una mwingine ulio bora?" Fundi akauliza.

Afisa alifikiri. "Twende kwa huyu mama wa kidevuni."

Walishuka wote. Mama yake Fundi alisimamishwa ukutani, penye mstari wa tope ambao hakuna aliyeuchora. Mstari ulipita sawasawa na kidevu chake. Afisa alivuta utepe wake mwenyewe.

"Mita moja na thelathini na mbili. Daftari linasemaje?"

Fundi alimpa asome. Mita moja na thelathini na mbili.

Afisa aliandika "nyekundu" kwenye fomu, akagonga muhuri, akafungua kopo la rangi nyekundu ya kuwekea milango alama.

"Mwanangu, anataka kuniharibia mlango?" mama aliuliza. "Hana bluu?"

"Nyekundu ndiyo ya chumba kipya, mama," Wembe akamwambia.

"Ya chumba? Basi apake na dirisha."

Saa tano kasoro dakika tano, afisa alipaka mlango. Dirisha aliliacha.