Masinde Atufundisha Kutembea

Kabla ya Masinde, watu wa Nyeri hatukujua kutembea. Tulidhani tunajua! Tulikuwa tumetembea tangu utotoni, wengine wetu mpaka Karatina na kurudi, kumbe tulikuwa tunaburuta miguu tu. Haya si maneno yangu. Ni maneno ya Masinde mwenyewe, siku aliporudi kutoka Uholanzi.

Masinde alikuwa msimamizi wa barabara za mji, mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Miaka hii ya sabini watu wanapelekwa ng'ambo kusomea kila kitu, na zamu yake ilipofika akapelekwa kusomea namna ya kuwakinga watu wa miguu na wapanda baisikeli wasigongwe na magari. Alikaa wiki tatu. Akarudi na maneno ya miaka thelathini!

Huko, alituambia, kila mtu ana mstari wake barabarani, na hata jaji hupanda baisikeli na kukupigia kengele kwa adabu. Akimaliza kusema hivyo alitutazama kwa huruma, kama mtu anayetazama kuku walionyeshewa.

Sikatai kwamba barabara ile ilihitaji dawa. Ni ile inayoshuka kutoka sokoni mpaka stendi ya magari, na mimi, Yakubu, fundi wa nguo, nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza ya duka, katikati ya mteremko. Malori yalishuka pale kama hayana mwenyewe. Mwaka uliotangulia lori la mbao lilimgonga Wachuka, mama anayeuza kabeji, likamvunja mguu mbele ya macho yangu. Nilimshika mkono tukingoja gari la wagonjwa, na mpaka leo sipendi kukumbuka alivyolia. Kwa hiyo tuliposikia barabara itatengenezwa, tulifurahi sana.

Masinde akaitisha mkutano sokoni. Tulidhani tumeitwa kuulizwa. Hapana! Tuliitwa kuambiwa. Alieleza kwamba magari yatapita katikati, baisikeli zitakuwa na mstari wao pembeni, na watu wa miguu watapewa njia yao wenyewe, yenye mapaipu ya chuma huku na huku, marefu mpaka kifuani. Paipu la upande wa barabara litawazuia kuingia kwenye magari. Paipu la upande wa maduka litawazuia kusimamasimama kutazama vitambaa. Utaingia juu sokoni, utatokea chini stendi, basi.

Wachuka alisimama kwa fimbo yake akauliza swali la maana. "Bwana Masinde, sisi wamama tunabeba mizigo kwa mgongo. Kuni ni mpana kuliko mtu. Na katikati hakuna mlango. Si utuachie mahali ya kutokea?"

Masinde alicheka mpaka tukamwonea haya. Akamwambia kwamba mtu wa miguu akipewa mlango hutoroka, na kwamba Uholanzi hakuona hata mama mmoja amebeba kuni mgongoni. Wengine wakalalamika kwamba njia ni nyembamba, watu wawili wakisimama kusalimiana mji mzima utakwama. Hapo ndipo alipotoa lile neno lililomfanya maarufu.

"Mila haina nafasi barabarani," alisema. "Salimianeni nyumbani."

Basi mapaipu yakasimikwa, yakapakwa rangi nyeupe, nasi tukaanza kufundishwa kutembea. Lo! Siku ya kwanza mama mmoja aliingia na mzigo wa kuni, mzigo ukashika paipu huku na huku, akawa hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Nyuma yake wakajipanga watu mpaka sokoni. Ilibidi kuni zitolewe kijiti kimoja kimoja na kupitishwa juu ya vichwa. Kesho yake wanawake wote wenye mizigo walirudi kutembea barabarani katikati ya malori, kama zamani. Wachuka naye alikuwa miongoni mwao, na mguu wake ule, na moyo wangu ulikuwa ukiruka kila honi ilipolia.

Wateja wangu ndio hawakuweza kabisa kunifikia. Walisimama upande wa pili wa paipu, umbali wa kunyoosha mkono, wakinirushia suruali za kupunguzwa. Nilipima watu viuno kwa macho! Nilikwenda kwa Masinde kulalamika, akanijibu kwamba maendeleo yana maumivu. Yake sikuyaona.

Kwa kweli yeye alikuwa akinenepa kwa furaha. Mkubwa wa barabara kutoka Nairobi alikuwa amekubali kuja kuifungua njia ile rasmi, na Masinde alikuwa amedokezwa kwamba mkubwa akiridhika, atampa barabara za miji yote ya mlimani: Nanyuki, Meru, Embu, mpaka Sagana kule chini. Pamoja na kazi hiyo, nyumba ya serikali na Landrova yenye dereva. Jambo kama hilo mtu mwenye hekima hulifunga mdomoni. Masinde alimwambia kinyozi, akawaambia wachinjaji, na kila mtu wa kwao aliyepanda basi kwenda Bungoma alitumwa akatangaze kwamba barabara ya Masinde inafunguliwa Ijumaa. Kwangu aliagiza suti. Nilimshauri niache nafasi kidogo mapajani, akasema Uholanzi hawavai magunia.

Ijumaa ikafika. Asubuhi na mapema askari waliwafukuza wanawake wa mizigo wote wasionekane. Kisha magari ya wageni yakaja, na mnadhani yaliegeshwa wapi? Kwenye mstari wa baisikeli! Yalijipanga hapo kuanzia juu mpaka chini, jeusi la mkubwa likiwa mbele ya cherehani yangu, na askari akalilinda lisiguswe na baisikeli.

Masinde alitoa hotuba kule juu sokoni. Alisema kwamba tangu mapaipu yasimikwe hakuna mtu hata mmoja aliyegongwa ndani yake, jambo ambalo ni kweli, maana hakuna aliyepita. Alisema anayeruka paipu ni adui wa maisha yake mwenyewe na atashtakiwa. Kisha akaingia njiani kifua mbele, aongoze msafara mpaka stendi, ambako utepe ulikuwa umefungwa. Mkubwa alimfuata, na nyuma ya mkubwa wakaja madiwani, makarani na wake zao, mmoja mmoja, wamebanana kama kunde ndani ya ganda.

Kule chini alikuwa amewekwa askari Theuri, kijana wa hapa hapa Nyeri, azuie watu wasiingie. Wakati huo basi likashusha abiria stendi, na miongoni mwao alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, jogoo kwapani. Alipokewa na Selpha, mke wa Masinde, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Selpha alimwambia Theuri kwamba mama huyu anaitwa Nasirumbi, ni mama yake mzazi, naye amesafiri usiku kucha kuja kumlea mjukuu. Alitarajiwa wiki ijayo, ila habari za Ijumaa zilimfikia huko Bungoma, akaona kheri aje aone ufunguzi.

Theuri akafikiri haraka. Mama mkwe wa bwana mkubwa wa leo! Akapiga saluti, akainua utepe, akampitisha. Selpha akabaki akitafuta mzigo uliosahauliwa kwenye basi. Umati wa abiria, kwa kuona mmoja kapita, ukaingia wote nyuma ya yule mama.

Hapa lazima nieleze kwa asiyejua. Kwa watu wa Masinde, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mwanamume huiacha njia, huingia vichakani, na kungoja mpaka mama apite. Ni heshima kubwa, na kuivunja ni aibu inayokufuata mpaka kwenye mazishi yako. Mtu wa kule anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu.

Walikutana mbele ya baraza yangu hasa. Masinde alikuwa amegeuza shingo akimweleza mkubwa jinsi Waholanzi wanavyokata kona. Alipotazama mbele alisimama ghafla mpaka mkubwa akamgonga mgongoni. Mama Nasirumbi naye alisimama, akavuta kitambaa usoni, akageukia paipu. Hakuweza kurudi, basi zima lilikuwa nyuma yake. Masinde hakuweza kurudi, serikali nzima ilikuwa nyuma yake!

"Mzee, turudi juu," Masinde alinong'ona.

"Turudi kwa nini?" mkubwa akauliza. "Si umesema njia inakwenda stendi? Songa mbele."

Nilimwona Masinde akitafuta kichaka. Alitazama kushoto, paipu. Alitazama kulia, paipu. Jasho lilimtoka. Watu walikuwa wakisukuma kutoka pande zote mbili, na yule mama, maskini, alikuwa akisogezwa hatua kwa hatua kuelekea kwa mkwe wake huku akiomba kwa lugha yao wamwache. Nilimwonea huruma mama yule. Alikuwa karibu kulia.

Mara Masinde akaruka.

Suti ilikuwa ya kwanza kusema. Ilipasuka kutoka kiunoni mpaka magotini, na mlio wake, mimi fundi nawaambia, ulifika stendi. Masinde akapita juu ya paipu, akaangukia boneti la gari jeusi la mkubwa, akateleza upande wa pili, akadondoka barabarani katikati. Wakati huo huo Rashid, muuza maziwa, alikuwa anashuka mteremko na mitungi miwili nyuma ya baisikeli. Alikuwa katikati ya barabara, angepita wapi, na mstari wake umejaa magari ya serikali? Akamwingia Masinde mzima mzima.

Nashukuru Mungu hakuna aliyeumia zaidi ya kuchubuka. Lakini maziwa! Yaliteremka mpaka stendi, na paka wa mji mzima wakaja kuhudhuria ufunguzi. Masinde alikaa chini ndani ya maziwa, suruali wazi, mikono usoni, si kwa aibu ya suruali, bali asimwone mama.

Mkubwa alikishika kile chuma cha paipu akauliza kwa upole, "Bwana Masinde, kuna nini?"

"Mzee," alijibu bila kutoa mikono usoni, "ni mama mkwe."

Mkubwa alimtazama yule mama aliyejifunika, akatazama juu, akatazama chini. Sasa alikuwa ameanza kuhesabu milango. "Na ingekuwa ni ng'ombe amekasirika?" akasema. "Au moto? Sisi hapa tungetokea wapi?"

Aliyejibu ni Wachuka, kutoka nyuma ya nyumba alikofichwa na askari. "Tulimwambia," alisema, wala hakupaza sauti.

Mkubwa na msafara wake walitolewa mle kwa ngazi yangu ya kubandikia bango la duka. Utepe haukukatwa. Kilichokatwa ni mapaipu, wiki iliyofuata, kwa amri kutoka Nairobi. Yale ya upande wa maduka yaling'olewa yote, na yale ya upande wa barabara yakaachiwa milango mipana kila penye duka. Magari yakakatazwa kugusa mstari wa baisikeli, hata ya wakubwa. Sasa Wachuka hupita na gunia lake la kabeji mgongoni bila kujipinda, mbali na malori, na kila nikimwona nafurahi moyoni. Barabara za Nanyuki, Meru na Embu alipewa mtu mwingine, pamoja na Landrova.

Mama Nasirumbi hakuweza kulala kwa mkwe, kwa hiyo mke wangu Mwanaisha alimpa chumba kwetu Majengo. Alipenda mji, akapenda mjukuu, akakaa. Kila asubuhi huteremka njia ile kwenda Ruring'u, nyumbani kwa Masinde, kumwogesha mtoto, saa ile ile Masinde anapopanda kwenda kazini. Jioni yeye hupanda, Masinde akiteremka. Basi Masinde hupitia nyuma ya bucha, kwenye mtaro wa maji machafu, suruali ameikunja na viatu mkononi, mbwa wakimfuata.

Juzi mama alisimama kwenye baraza yangu apumzike. Akaisifu njia kwa dakika nyingi, jinsi ilivyo nyoofu, jinsi mtu anavyotembea bila hofu.

"Ni mkwe wangu aliitengeneza," akaniambia kwa fahari. "Lakini ni ajabu, fundi. Niko hapa miezi nne, na sijaona yeye akitembea hapa hata siku moja. Ama yeye hajui kutembea?"